Nyekundu Haiguswi

Katika bohari ya dawa ya hospitali, alikofanya kazi mpaka mvi zikamjaa, mzee mmoja hakuwahi kuacha rafu tupu. Ukimwomba bendeji moja alikupa, lakini kwanza ahakikishe nyuma yake zimebaki mbili: moja ya akiba, na nyingine ya kuilinda akiba. Wauguzi walimpa jina la Bohari, likamganda kama kupe. Alistaafu nalo, na watoto wa mtaani kwake waliamini ndilo alilopewa na mama yake.

Jambo jingine lililojulikana ni vitambaa vyake. Si kila aliyeingia bohari aliweza kusoma maandishi madogo ya kwenye makopo, kwa hiyo alifunga kitambaa cha rangi kwenye kila rafu. Chekundu kilikuwa cha dawa zilizokwisha muda. Hizo mwenyewe aliziita maiti. Zilikaa pembeni zikingoja kuchomwa, na hakuna mkono uliozigusa mpaka atumwe mtu na mganga mkuu kuja kuzichukua. "Nyekundu haiguswi" lilikuwa neno lake la asubuhi na la jioni. Mkewe, Mungu amlaze pema, aliwachekesha wageni kwa kusema kwamba siku ya kwanza walipokutana yeye alivaa gauni jekundu, na kijana yule akampita kama mtu anayekwepa shimo. Ilibidi arudi nyumbani kubadili nguo ndipo apate mume.

Mke huyo alifariki wakati mumewe naye amelazwa. Sukari ilikuwa imempanda Bohari hata hajui usiku wala mchana, na alipopata fahamu vizuri aliwakuta ndugu wamesimama kuzunguka kitanda, kila mmoja akimsukumia mwenzake aseme. Mkewe alikuwa ameshazikwa, tena mbali, kwao ng'ambo ya vilima. Hakumwona, hakumsindikiza, hakutupa hata konzi moja ya udongo. Palepale kitandani, uso ameugeuzia ukutani, aliweka nadhiri: Mungu akinisimamisha tena, nitamfuata alipolala, na nitakwenda kwa miguu, kama nilivyokwenda siku za uchumba nilipokuwa sina hata baiskeli.

Mungu akamsimamisha. Mwaka haujaisha, Bohari akaanza kupaka viatu mafuta.

Nyumbani alibaki na binti mmoja, fundi cherehani, ambaye chumba cha mbele alikigeuza kuwa duka la kushonea. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Baba yake alimwita hivyo mbele ya wateja, na wakibaki wawili akamwita mama. Fundi aliposikia habari ya nadhiri hakubisha, maana kubishana na nadhiri ni kubishana na aliyeipokea. Lakini alikuwa amemzika mama juzi tu, na alijijua kwamba hana kifua cha kumzika na baba. Alikwenda kwa muuguzi wa kliniki ya kisukari kuuliza. Muuguzi akamwambia mzee anaweza kutembea, mradi asiende peke yake, asibebe mzigo mzito, na ale mara kwa mara, kwa sababu jua na mwendo mrefu huiteremsha sukari. Ikipanda inaua polepole, alisema, ila ikishuka haina subira.

Fundi alirudi na masharti mawili. La kwanza, apatikane mwenzake wa safari. La pili, vifaa vya huduma ya kwanza viwe vyepesi kiasi kwamba yeye Fundi aweze kuvining'iniza kwenye kidole chake cha mwisho. Kidole kikishindwa, safari hakuna.

Mwenzake wa safari alijileta mwenyewe. Alikuwa mdogo wa marehemu, kinyozi, ambaye huanza kuzungumza mteja anapoketi na haachi mpaka mteja amefika kwake. Kwa sababu hiyo alibatizwa jina la Redio. Alisema dada yake aliwalea wote, na kama shemeji yake anakwenda kumsalimu kwa miguu, yeye hawezi kubaki akinyoa vichwa vya watu.

Bohari alianza kufungasha siku nyingi kabla. Alitoa begi la mgongoni la turubai, akaijaza meza ya kulia. Kulikuwa na bendeji za kila upana, na kila upana umekuja na ndugu zake. Chupa ya kioo ya spiriti, na chupa nyingine kwa ajili ya hiyo ya kwanza ikivunjika. Pamba fungu zima. Vidonge vya maumivu vya kutosha shule ya bweni. Mkasi wa hospitali ambao ungekata bati, na beseni la kuoshea vidonda, ambalo ndani yake alikuwa amepanga vitu vingine ili nafasi isipotee.

Redio aliizunguka meza, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Shemeji, naona umesahau kitanda cha kujifungulia."

"Cheka tu. Njiani hakuna bohari."

"Njiani kuna watu, shemeji. Hatuendi mwezini."

Fundi akatoka kwenye cherehani, uzi mdomoni, akapitisha kidole chake cha mwisho kwenye mkanda wa begi. Begi halikutikisika. Lilikaa pale kama mgeni asiyejua kuaga.

"Baba, hili halitoki mlangoni," alisema, akavuta kiti.

Hakugomba. Alishika kitu kimoja kimoja na kukiulizia swali lilelile: hiki kikikosekana, nani anakufa? Bohari, aliyewajibu madaktari miaka yote bila kigugumizi, sasa alimjibu mtoto aliyembeba mgongoni. Beseni likikosekana hafi mtu. Chupa ya pili, hafi mtu. Ilipofika zamu ya pamba alijaribu kujitetea kwamba mtu atapata tabu.

"Sikuuliza tabu, baba. Tabu tunaijua."

Kila kilichorudi kabatini kilimuuma kama unywele uliong'olewa, lakini kidogo kidogo mchezo ulimwingia. Ni yeye aliyefikiria kumimina spiriti kwenye kichupa kilichokuwa cha dawa ya macho. Ni yeye aliyeitoa plasta kwenye gurudumu lake na kuizungushia kalamu. Fundi akatoa kimkasi chake cha kukatia nyuzi kichukue nafasi ya ule wa kukata bati, pamoja na sindano moja na uzi kwa ajili ya malengelenge ya miguu. Vidonge vilipunguzwa mpaka vikawa vya watu wawili, si vya shule.

Chini kabisa ya begi Fundi alikuta kitambaa cha kichwa cha mama yake, kimekunjwa mara nyingi. Bohari akawahi kusema kwamba hicho ni cha kuning'inizia mkono ukivunjika. Fundi alijua si kweli, na baba alijua kwamba anajua. Akakikunja upya, kikawa kidogo zaidi, akakirudisha mwenyewe bila kukiulizia lile swali.

Pakiti za glukosi, za kuipandisha sukari ikishuka, nazo hakuziuliza. Hizo jibu lake lilikuwa wazi.

Kwa kuwa begi lenyewe, hata tupu, lilikuwa na uzito wake, Fundi alilikataa. Alichukua vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye magauni ya wateja, akashona mkanda wa kiunoni wenye mifuko minne, kila mfuniko na rangi yake na kifungo chake. Ulipokamilika alimfunga baba yake, akamwonyesha. Buluu ni ya miguu: plasta, sindano, uzi. Nyeupe ni ya vidonda. Kijani ni ya tumbo, ndimo mlimo na pakiti za chumvi za kuchanganya na maji mtu akiharisha. Kisha akagusa wa nne.

"Nyekundu ndiyo ya haraka, baba. Humu mna glukosi. Ukiona mikono inatetemeka usinitafute kwenye simu, fungua nyekundu."

"Nimesikia, mama."

Na kusikia alisikia, kwa masikio. Macho yalikuwa kwenye mshono. Ulikuwa mdogo, umenyooka, na kila ulipofika pembeni ulirudi nyuma hatua mbili ndipo ukageuka, kama marehemu alivyozoea kushona viraka vya mashati yake. Huzuni ilimpitia, ikaondoka na yale maneno. Redio naye, saa hiyohiyo, alikuwa anasimulia habari za mteja aliyesinzia kwenye kiti akaamka na nusu ya ndevu. Kwa hiyo hakusikia hata kwa masikio.

Fundi akaufungua mkanda, akauning'iniza kwenye kidole cha mwisho, akauinua mpaka karibu na sikio kama hereni. Akacheka, ingawa macho yake hayakucheka.

"Nenda, baba. Nenda na Mungu, urudi naye."

Wakasali pale mlangoni, wakashika njia kabla jua halijawa kali.

Mwanzo ulikuwa mzuri kuliko walivyotarajia. Jioni walilala kwa watu ambao Redio aliwahi kuwanyoa, maana kinyozi hakosi kichwa anachokifahamu popote. Lengelenge lilipojitokeza kwenye kisigino cha Redio, Bohari alifungua mfuko wa buluu, akalitoboa kwa sindano aliyoisugua na spiriti, akapitisha uzi maji yatoke, akaziba kwa plasta, na akarudisha kila kitu mahali pake kwa furaha ya mtu aliyeitwa tena kazini. Mwendo ulimfaa. Tangu afiwe alikuwa anaamka na kitu kizito kifuani, sasa kila alipopanda na kuteremka kilipungua, kama gunia lililotoboka kidogo.

Shida ilianza siku waliyovifikia vilima. Asubuhi alimeza vidonge vyake vya kisukari kama kawaida, akanywa uji kidogo, wakapanga wale vizuri kwenye kibanda cha chai kilicho chini ya mpando. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Redio alisema kuna kingine juu, anakikumbuka vizuri. Labda kilikuwapo zamani. Walipanda, wakapanda, na juu hapakuwa na kibanda wala moshi wake.

Bohari aliona jasho linamtoka, na jasho lenyewe baridi. Sauti ya shemeji yake ilianza kumfikia kama inatoka ndani ya debe. Akaketi juu ya jiwe. Alijua kuna kitu cha kufunguliwa, hilo alilijua vizuri kabisa. Akafungua mfuko mweupe, akaona bendeji. Akafungua wa kijani, akazitazama zile pakiti za chumvi, akazirudisha. Buluu ilikuwa ya miguu. Mkono ukaenda kwenye nyekundu, ukasita, ukarudi kama umegusa jiko. Kichwa chake kilikuwa kimestaafu, lakini mkono ulikuwa bado kazini.

"Shemeji, unaumwa? Sukari yako umeiweka wapi?" Redio aliuliza.

Bohari alimtazama akaona mtu asiyemfahamu amesimama kwenye mlango wa bohari bila barua wala ruhusa.

"Nani amekupa ufunguo?"

Redio aliiona mifuko mitatu, akakumbuka vilivyomo, akajua glukosi lazima iko kwenye wa nne. Akanyoosha mkono. Mzee akampiga kofi la kiganja, akaukumbatia mkanda kwa mikono miwili na kujikunja juu yake. "Nyekundu haiguswi," alisema. Nguvu alizokuwa nazo hazikuwa za mtu wa umri wake, na pembeni ya njia palikuwa na mteremko mkali. Wakishikana mieleka hapo, wote wawili wangeokotwa chini.

Redio akanyamaza. Kimya hicho kilikuwa kigeni hata kwa ndege, maana ndio kwanza wakaanza kusikika. Alimwona shemeji yake anazidi kulegea, midomo imepauka, akawaza habari moja tu: atamwambia nini yule binti. Ndipo akamkumbuka dada yake akiwasimulia wageni habari za rafu za bohari, na ni nani pekee aliyeruhusiwa kuigusa ile nyekundu.

Akasimama wima. Akachomeka shati ndani ya suruali, akakohoa kikohozi cha ofisini.

"Habari za kazi, mtunza bohari. Nimetumwa na mganga mkuu. Nimekuja kuchukua maiti za rafu nyekundu, zikachomwe leo."

Bohari akainua uso, akampima juu mpaka chini. Ilichukua muda.

"Mmechelewa," alisema kwa uchovu. "Zinanijazia nafasi."

Akakihangaikia kile kifungo mwenyewe, vidole vikitetemeka, kikafunguka. Akatoa pakiti moja moja na kumkabidhi, kwa utaratibu wote. Alipomaliza akamshika mkono. "Zichomwe mbele yangu."

"Mbele yako kabisa. Ila kunywa maji kwanza, jua kali."

Redio alikwishamimina glukosi kwenye kifuniko cha chupa na kuikoroga na maji kwa kidole. Akamnywesha, akahakikisha amemeza, akamnywesha tena. Huku anakoroga alikuwa anamwomba Mungu kwa sauti, na katika ombi lake aliahidi kuacha kuongea maisha yake yote, ahadi ambayo Mwenyezi Mungu, kwa rehema zake, hakuitilia maanani.

Jasho likakauka. Rangi ikarudi midomoni, polepole kama maji yanayojaa mtungi. Bohari akalamba meno.

"Mbona mdomo wangu mtamu?"

"Maiti zako hizo, shemeji. Nimekuchomea tumboni."

Walitazamana, wakaanza kucheka, na katikati ya kicheko Redio akaketi chini na kulia kama mtoto, akisema ni vumbi. Mama mmoja aliyekuwa anateremka na ndizi mbivu kichwani aliwakuta hivyo. Hakuuliza mengi. Aliwakatia kichane, akakaa nao mpaka mzee alipozila ndizi za kutosha, kisha akawapeleka nyumbani kwake, palipokuwa na kivuli na mtandao wa simu.

Bohari ndiye aliyepiga. Angeweza kuficha, na njiani alilifikiria hilo, lakini aliona si vizuri kutimiza nadhiri juu ya uongo. Alimweleza binti yake kila kitu. Upande wa pili cherehani ilisikika inazunguka, ikapunguza, ikasimama.

"Baba, nilikwambia nyekundu ndiyo ya haraka."

"Uliniambia, mama. Nilikuwa natazama mshono wako, nikamwona mama yako."

Bohari alisubiri neno moja tu, rudi, na alijua likitamkwa atalitii, na mkewe atabaki huko bila kutembelewa, maana mwaka mwingine si wa mtu kujiahidi. Lakini swali lililokuja lilikuwa jingine.

"Kule bohari, dawa iliyotakiwa kutoka kwanza kabla ya zote uliifunga rangi gani?"

"Njano," alijibu bila kufikiri, kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Kaeni hapohapo kwa huyo mama. Nakuja."

Simu ikakatika. Redio alisema Fundi anakuja kuwarudisha nyumbani. Bohari naye aliona hivyohivyo. Alivua viatu, akaviweka sambamba ukutani, akangoja kama mtu anayengoja hukumu, akijifunza moyoni namna ya kumweleza Mungu kwamba alijaribu.

Fundi alifika kwa gari la mizigo lililompa lifti, vumbi mpaka kwenye kope. Alimsalimu mwenyeji, akamshukuru kwa kupiga magoti, kisha akamshika baba yake uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kama anayekagua papai sokoni. Aliporidhika alisema, "Lete mkanda."

Alikuwa amekuja na sindano. Akautatua mfuniko mwekundu uzi kwa uzi, akautupa, akachomoa mfukoni kipande cha kitambaa cha njano, akakishona hapohapo mbele ya baba yake. Safari hii hakueleza kitu. Alipokata uzi kwa meno alimvisha mkanda na kumuuliza mkono wake unasemaje. Mkono wa Bohari ulikwenda wenyewe, ukafungua, ukatoa pakiti.

"Haya, vaa viatu," Fundi alisema. "Mama anangoja."

Mzee alivaa viatu haraka mpaka akakosea mguu.

Waliteremka bonde wakiwa watatu, wakila kidogo kidogo kila walipopumzika, na Fundi ndiye aliyekuwa anasema ni saa ya kula. Walifika jua limelegea. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa marehemu, limefyekewa vizuri. Bohari aliomba aachwe peke yake. Alichosema pale ni chake na mkewe na Mungu aliyewaunganisha. Aliyekuwa dirishani alisikia tu anaomba radhi kwa kuchelewa, na baadaye kidogo akasikia kicheko. Aliporudi magoti yake yalikuwa na udongo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeteremsha mzigo kichwani akashangaa shingo inageuka.

Alimkuta Fundi barazani. Alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, kikombe cha chai kimepoa mkononi, naye amelala fofofo. Shemeji za mzee walitaka kumwamsha aingie ndani. Bohari akawakataza. Tangu mama yake afariki, binti huyu alikuwa analala sikio limeelekea mlango wa chumba cha baba, akihesabu pumzi zake. Leo ameziacha.

Mzee akakitoa kikombe mkononi mwake bila kumgusa, akaketi upande linakozama jua, ili kivuli chake kimwangukie usoni.